Kuku anaharisha, nyuma kumeganda uchafu: maswali mnayoniuliza kila siku

Kwanza tuelewane, mie si daktari wa mifugo. Nafuga kuku wa kienyeji uani kwangu hapa Fuoni, Unguja, hawazidi ishirini na tano, wakizidi tunawala, na kwa vile nshauguza wengi na nshazika wengi basi watu wananitumia meseji na picha, tena picha zenyewe usiku tushalala, unafungua simu unakutana na matako ya kuku. Nimechoka kujibu mmoja mmoja ndo nkaandika haya. Yakikuzidi nenda kwa watu wa mifugo, huko chini nimesema.

Kuku wangu anaharisha, nimpe dawa gani?

Sijui, na wewe hujui, na yule wa dukani hajui vilevile. Kuharisha ni alama tu, kuna sababu kumi na kila moja ina dawa yake na nyengine hazina dawa kabisa. Kabla hujatoa pesa mkamate kuku umkague.

Mie nafanya hivi. Nasubiri magharibi wakishapanda kulala, kuku akiwa usingizini hana fujo, namchukua namfunga kanga kuukuu mbawa zisipige, namweka mapajani kichwa kiende kwapani kwangu, simu naishika kwa meno au namuita mtoto animulikie. Naanza mbele namaliza nyuma. Upanga wa kichwani mwekundu au umepauka? Mdomo unanuka? Gole, kile kifuko cha chakula kifuani upande wa kulia, limejaa, gumu, laini kama mpira wa maji, au tupu? Mfupa wa kifua umetokeza kama kisu? Ukitokeza huyo anaumwa siku nyingi, usiniambie kaanza jana. Tumbo chini baina ya miguu, limevimba? Halafu nainua mkia naangalia kinyeo, manyoya ya pembeni, ngozi, kama kuna wadudu. Dakika tano nzima hazifiki.

Na kumbuka kuku ana tundu moja tu huko nyuma, mavi yanapita hapo, mkojo hapo, yai hapo. Ndo maana shida ya tumbo na shida ya kutaga zinafanana ukiziangalia kwa mbali.

Choo cha kawaida kinakuwaje? Maana mie kila nikiangalia naona tofauti

Ni tofauti kweli. Cha kawaida ni kahawia au kijivu kimekaa kama donge na kofia nyeupe juu, ile nyeupe ndo mkojo wake. Halafu kila baada ya mara nane au kumi hivi anatoa kimoja cha kahawia kizito chenye kunata kama uji wa ulezi, kinanuka hasa, watu wakikiona wanapiga kelele kuku kaharibikiwa. Hakuna kitu hapo, ni choo cha utumbo ule wa pembeni, mzima wa afya. Siku za jua kali anakunywa sana basi choo kinakuwa maji maji. Akila tikiti maji hivyo hivyo.

Cha kukutisha ni damu, kijani kibichi cha kung'aa, njano kama kiberiti, au nyeupe tupu kama chokaa siku nzima.

Nyuma kumeganda kitu cheupe cha njano njano kinanuka vibaya, nshampa ule unga wa njano siku tano, mbona hakuna nafuu?

Hapa nikae kidogo kwa sababu ndo kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa na koo mmoja wa kishungi, tukimwita Shungi, kuku mtagaji hasa. Masika moja akaanza kuchafuka nyuma. Nkaenda dukani nkaeleza, nkapewa unga wa njano, ile OTC, antibaotiki. Siku tano. Hakupona. Nkarudia siku tano nyengine, maji ya njano mpaka nkawa naona kinyaa, na kuku anazidi. Harufu yake si ya mavi, ni kama hamira iliyochachuka, unaisikia hujafika bandani. Mwisho mama mmoja mtu mzima aliyewahi kufanya kazi ya mifugo akaja akanusa tu, hakumshika hata, akasema mwanangu hii ni fangasi, na wewe unaimwagilia maji.

Maelezo yake ni haya. Huko nyuma na kwenye utumbo kuna bakteria wazuri na fangasi kidogo, wanakaa pamoja wanazuiana. Ukitia antibaotiki unaua bakteria, wazuri na wabaya, fangasi hafi kwa dawa ile, basi anabaki peke yake anatamba. Kinachomwanzishia ni vitu vingi, chakula chenye ukungu, maji machafu, banda bichi, kuku kuchoka na kutaga, au hiyo antibaotiki yenyewe.

Tulivyomtibu: maji vuguvugu kwenye beseni, kijiko cha chai kimoja cha chumvi kwa kila nusu lita, tukamkalisha mpaka ule ukoko ukalainika. Usiubandue mkavu, utatoka na ngozi, mie nilijaribu Shungi akalia mpaka jirani akauliza. Ukishalainika unautoa kwa kitambaa pole pole, manyoya ya pembeni unayakata kwa mkasi (angalia manyoya machanga yenye damu ndani, usikate hayo). Unamkausha vizuri, kuku mbichi usiku atapata baridi. Halafu unapaka krimu ya fangasi, klotrimazoli, ile ile ya watu inayouzwa famasi, kidogo kwenye ngozi nyekundu na pembeni ya kinyeo, asubuhi na jioni. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi. Kwenye maji ya kunywa siki kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne, kwenye chombo cha plastiki, si cha bati maana siki inakula bati. Siku ya tatu ule wekundu ulianza kupoa, tukaendelea wiki mbili nzima. Ukiacha ukiona nafuu tu, inarudi.

Kama wiki imepita hakuna mabadiliko yoyote basi hukupatia, mpeleke kwa wataalamu.

Kwa hiyo OTC haifai?

Inafaa pale pana bakteria. Shida huku kwetu inapewa kila kitu, mafua OTC, minyoo OTC, kuku kagombana na mumewe OTC. Unazoesha wadudu dawa, siku unaihitaji kweli haifanyi kazi.

Kinyama chekundu kimetoka nje nyuma, kinaning'inia. Nimchinje?

Ngoja kwanza. Ni njia ya yai imetoka nje, inatokea akitaga yai kubwa kupita kiasi, au mtetea aliyeanza kutaga mapema, au mnene sana, au amejikamua kwa kuharisha. Kitu cha mwanzo kabisa mtoe kwa wenzake SASA HIVI, usimalize hata kusoma, kuku wakiona chekundu wanadonoa, na wakianza kudonoa hawaachi mpaka matumbo yanatoka. Nshaona kwa macho yangu, asubuhi mzima, saa sita hakuna kuku.

Osha kwa maji vuguvugu ya chumvi. Kama kimevimba pakaza sukari nyeupe ya kawaida iliyoloweshwa kidogo, iache dakika kumi hivi, sukari inavuta maji uvimbe unapungua. Au asali. Halafu mafuta kidogo kwenye kidole chenye glavu, unakirudisha ndani taratibu, usilazimishe, ukikirudisha unakishikilia kidogo. Mweke pahala pa giza, giza ndo siri yake, kuku asiyeona mwanga wa kutosha anapunguza kutaga na yeye anahitaji kupumzika kutaga. Kikitoka tena unarudisha tena. Kikiwa cheusi, kimekauka au kimeliwa, hapo basi, mpumzishe tu.

Hapa ntakwambia ukweli, wengi wao kinatoka tena nje kwenye yai linalofuata. Mie nimefanikiwa wawili tu katika wote.

Anasimama wima kama mtu, anajikamua, mkia unapanda na kushuka, hatagi yai

Yai limekwama huyo. Yai moja linatengenezwa kama saa 24 mpaka 26, linalofuata linakuja nyuma yake, likikwama hili foleni inajaa. Kuku anaweza kufa ndani ya siku moja mbili, usisubiri kesho kutwa.

Beseni la maji ya moto moto kama ya kumkogea mtoto mchanga, dakika 15 mpaka 20, maji yafike tumboni. Wengi wanatulia humo mpaka wanasinzia. Kisha mafuta ya nazi kidogo pembeni ya kinyeo, sanduku lenye kitambaa, giza, joto, kimya, watoto wasichungulie. Baada ya saa moja bado, unarudia. USILIVUNJE yai ndani, vipande vya ganda vinamkata. Usimminye tumbo.

Sababu kubwa ni upungufu wa chokaa mwilini, na hapa sie hatuna udhuru wowote, tumezungukwa na bahari. Nenda pwani maji yakitoka okota makombe ya chaza, yaoshe chumvi itoke, yakauke, yaponde kinuni, weka kwenye kigae peke yake. Kuku anajipimia mwenyewe. Usichanganye kwenye chakula cha vifaranga, figo zao hazitaki.

Kifuani kumevimba, halafu mdomo unanuka

Kagua asubuhi kabla hajala. Gole la kuku mzima asubuhi huwa tupu. Likiwa limejaa na ni laini la maji maji na pumzi inanuka uchachu, limechachuka. Likiwa gumu kama donge la udongo, kimemkwama kitu, mara nyingi nyasi ndefu, kamba, mfuko wa plastiki. Wa dada yangu kule Wete alikutwa na uzi wa kushonea kofia kama mita nzima.

La gumu: mafuta ya nazi kijiko cha chai kwa bomba la sindano lisilo na ncha, kidogo kidogo ubavuni mwa mdomo asije akapaliwa, halafu unalikandakanda gole mara tatu nne kwa siku, chakula hapana, maji ndiyo. La kuchachuka: mnyime chakula nusu siku mpaka siku moja, maji awe nayo, halafu vyakula laini kidogo kidogo kama yai la kuchemsha. Hili nalo mara nyingi ni fangasi, dawa yake ulizia kwa mtaalamu.

Na yule jamaa aliyekwambia umgeuze kichwa chini umtapishe, mwambie asante. Kuku wengi wanakufia mkononi hivyo, maji yanaingia mapafuni.

Choo kina damu

Mara nyingi koksidia, hasa vifaranga wa wiki tatu mpaka nane, wamejikunyata, mbawa chini, manyoya yamesimama. Kile kidudu mayai yake yanataka joto na unyevu ndo yawe na uwezo wa kuambukiza, basi jaalia masika ya Unguja na randa ya mbao iliyoloa, ni pepo yao. Dawa ni amproliamu kwenye maji, siku tano mpaka saba, kipimo soma kwenye paketi, na kuku wote wanywe si yule mgonjwa tu. Jambo moja watu hawalijui: ukiwa unatoa amproliamu usitie vitamini za B kwenye maji, dawa hii inafanya kazi kwa kumnyima kidudu vitamini B1, ukiitia unamlisha adui. Vitamini baadae ukishamaliza dozi.

Toa randa yote, tia mpya kavu. Bila ya hivyo unajaza pakacha maji.

Kijani, na shingo inapinda

Hicho ni kideri, wengine wanasema mdondo. Ni kirusi, dawa hakina, usipoteze pesa. Kijani peke yake si lazima kideri, kuku yeyote asiyekula siku mbili anatoa kijani, ile ni nyongo tu. Lakini kijani na shingo kupinda, kukohoa, na watatu wamekufa tangu jana, hicho ndicho. Usiuze waliobaki, usimpe jirani, waliokufa fukia shimo la kwenda chini au choma, usitupe jaani.

Kinga ni chanjo ya matone, tone moja kwenye jicho, kila miezi mitatu, kwa kuku WAZIMA. Watu wanachanja ugonjwa ushaingia halafu wanailaumu chanjo. Na kuku mpya kutoka sokoni mkae naye mbali wiki mbili tatu kabla hujamchanganya, khasa mliowanunua kabla ya sikukuu.

Naona kama punje za mchele kwenye choo

Punje zenye kujisogeza? Minyoo bapa, anaipata kwa kula wadudu, sisimizi, nzi. Ile mirefu myeupe kama tambi ni minyoo mviringo. Muhimu: piperazini inaua hii ya mviringo tu, bapa haiigusi, kwa hiyo muoneshe muuzaji picha ya ulichokiona usiseme tu "dawa ya minyoo".

Mabuu yameingia nyuma, nashindwa hata kuangalia

Pole. Nzi anapenda manyoya yaliyoloa mavi, akitaga leo kesho mabuu yanatembea. Jikaze. Maji vuguvugu ya chumvi, kibanio cha nyusi, toa mmoja mmoja, kata manyoya, kausha, muweke ndani pasipo nzi, angalia tena asubuhi na jioni maana yapo yaliyojificha. Kisha tafuta kilichofanya achafuke, mabuu ni wageni tu, mwenye nyumba ni mwengine.

Nawalisha machicha na dagaa, ndo vinavyowaharisha?

Inawezekana sana. Machicha ya nazi ni chakula kizuri lakini kwa joto letu uliyokuna asubuhi jioni yashachachuka. Toa kidogo, siku ile ile, yaliyobaki tupa. Dagaa nao, wa kwetu wengi wanachemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi ikizidi kuku anakunywa kama kisima na anaharisha maji matupu, vifaranga wanakufa kabisa. Roweka, mwaga maji, suuza, ndo uwape. Na lile vumbi la chini ya gunia msilichukue kwa sababu rahisi, lina mchanga na chumvi yote ya gunia.

Shubiri, mwarobaini, pilipili, vinafanya kazi?

Bibi yangu alikuwa akitia shubiri kwenye maji na kuku wake waliishi, ila na wake waliokufa hatukuwahesabu. Kidogo haidhuru. Tatizo ni maji kuwa machungu kuku akayakataa, na kuku anayeharisha asipokunywa anakufa kwa kiu kabla ya ugonjwa. Ukitia, chungulia kama wanakunywa. Pilipili kwa kuku aliyevimba tumbo mie sitii.

Tumuwahi kumchinja kabla hajafa?

Hili tunaulizana kimya kimya, tuliseme. Akifa ni mzoga, si halali tena, basi watu wanakimbilia kisu. Kisheria akichinjwa angali na uhai ni halali, hilo waulizeni masheikh si mie. Lakini kwa afya: kuku aliyekuwa anapewa dawa ana siku za kusubiri, zimeandikwa kwenye kibandiko, nyama na mayai yake hayaliwi mpaka zipite. Na aliyeharisha sana anaweza kuwa na salmonela, unaimwaga jikoni kwako ukimpasua. Mie anayeumwa hivyo simli. Na ukishamshika mgonjwa nawa kwa sabuni, mtoto asimbusu kuku.

Vifaranga wa siku mbili wameziba nyuma

Pamba na maji vuguvugu, lainisha, toa, paka mafuta kidogo. Usivute. Usichanganye na kitovu, kile kilichokauka kiko mbele kidogo tumboni, kiache. Mara nyingi walipata baridi au joto limezidi. Wakiziba wengi na wanakufa mfululizo si baridi tena, peleka mmoja aliyekufa akaangaliwe.

Wapi nipate mtaalamu?

Muulize sheha wako nambari ya afisa mifugo wa wilaya, wanazo. Mjini ofisi za mifugo ziko Maruhubi. Pemba anzia ofisi ya wilaya, Chake, Wete, Mkoani au Micheweni. Ukienda chukua choo cha leo kwenye kimfuko safi na picha, si maneno matupu.

Amepona lakini hatagi, wiki ya pili sasa

Mwache. Mwili unajirudisha kwanza, mayai baadae, wiki tatu nne ni kawaida, na kama ananyonyoka manyoya ndo zaidi. Shungi alikaa siku 23 tangu nilipoacha ile krimu. Lile yai la mwanzo lilikuwa dogo, ganda lina mikunjo kama kitambaa kisichopigwa pasi, nkalipasua nkawapa wenzake. La pili lilikuwa zima.